Kunguni wa gesti ya shangazi, Kambarage, na chumba ambacho moshi haukuruhusiwa kuingia

Wakuu, nawasalimu wote mliomo na mnaochungulia bila akaunti.

Juzi mtu kauliza humu kama moshi unaua kunguni, majibu yakawa kurasa nzima za matusi. Nikaona niweke yangu. Haya yalinikuta mwenyewe, nilikuwepo tangu moshi wa kwanza hadi wa mwisho, na macho yangu yalikoma. Nilichobadilisha ni majina tu, kwa sababu wahusika wana wajukuu na wajukuu wana bando.

Ilikuwa Shinyanga mjini, Kambarage, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Ile miaka ambayo ukipata mche wa sabuni unaufungia kabatini na mgeni akiuliza unasema huna.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nasubiri serikali inipangie kazi. Serikali haikuwa na haraka na mimi. Nikahamia kwa shangazi yangu, dada yake baba, nikawa nakula na kubishana.

Ugonjwa wangu wakati ule ulikuwa kuuliza "umejuaje?" Mtu akisema kesho itanyesha, umejuaje. Mchungaji akisema shetani anapenda wavivu, umejuaje. Shangazi akaacha kuniita jina langu, akawa ananiita Bwana Umejuaje.

Shangazi mwenyewe watu walimwita Mama Kulwa. Alikuwa mjane. Mume wake alikuwa mtu wa reli, akaacha kazi, akajenga gesti ya vyumba sita, mtu anatembea tu kutoka stesheni. Akaiendesha kidogo, akafa. Gesti hiyo ndiyo ilikuwa inamlisha shangazi na kuwasomesha mapacha wake, Kulwa na Doto, waliokuwa bweni.

Wateja walikuwa wanunuzi wa pamba, abiria wa treni, na wachimbaji waliotoka Geita kupitia Katoro na Kahama. Mchimbaji amelala porini msimu mzima, anashuka na bunda la blanketi limefungwa kamba, anataka kitanda na maji ya moto. Ndani ya bunda kuna abiria wengine ambao hawajaandikishwa.

Nadhani mmeshawajua.

Ilifika mahali mgeni anaamka asubuhi, anavua shati uani, anageuza mgongo na kumuuliza shangazi, "Mama, hii ni gesti au hospitali ya kutoa damu?" Mwingine alibeba godoro akalala nalo kwenye baraza, mbwa wa jirani akamlinda bure.

Habari zikamfika Bwana Afya.

Kwa vijana ambao hawakumkuta: Bwana Afya alikuwa ofisa wa afya, na mjini alikuwa anaogopwa kuliko polisi. Polisi unaweza kumweleza. Bwana Afya anafunua godoro. Akafunua la chumba namba mbili, akalirudisha taratibu kama mtu aliyefunika maiti.

"Mama Kulwa," akasema, "nitarudi mwisho wa mwezi. Nikimkuta hata mmoja, naleta kufuli langu."

Shangazi akamuuliza kama hana dawa ya kupuliza. Bwana Afya akasema pampu ipo.

"Na dawa?"

"Nimesema pampu ipo."

Sasa hapa ndipo mjue ubaya wa hilo kufuli. Marehemu alikuwa na mdogo wake, Masanja, mtu wa Mhunze, mwenye ng'ombe na mwenye sauti. Tangu msiba alikuwa anasema mwanamke hawezi kuendesha gesti, bora iwe ghala la pamba chini yake yeye. Ukoo haukuwa umeamua. Wazee walisema tuone kama Mama Kulwa ataiweza. Kufuli la Bwana Afya likining'inia mlangoni, jibu lingekuwa limepatikana bila hata kikao.

Kwa hiyo tulikuwa na mwezi mmoja wa kuwaua kunguni au shangazi arudi kwao na mapacha.

Kila mtu Kambarage alikuwa na moshi wake.

Wa kwanza alikuwa jirani yetu, Mama Shija, muuza vitumbua. Yeye aliapa kwa pilipili kavu. Unaweka kwenye makaa, unafunga mlango, kunguni wanakimbia wenyewe. Nikamuuliza amejuaje. Akasema bibi yake alifanya hivyo. Nikamuuliza bibi aliwaona wakikimbia kwenda wapi. Akamgeukia shangazi, "Huyu mtoto mlimpeleka shule kusoma au kusumbua watu?"

Mimi nikasema sawa, tujaribu, lakini tujaribu kwa kupima. Nikawakamata kunguni wazima, kazi isiyohitaji ujuzi pale kwetu, nikawaweka kwenye chupa ya jemu, nikafunga mdomo wa chupa kwa kitambaa chepesi ili moshi upite. Chupa ikakaa sakafuni chumbani. Moshi ukiua, watakufa hata waliomo chupani. Usipoua, tutawaona wakitembea.

Pilipili ikawashwa.

Wakuu, aliyeondoka ni binadamu. Tulikuwa tumesahau dari. Kuta zile hazikufika juu, moshi ukapita juu ya ukuta ukaingia vyumba vyote. Alitoka mwinjilisti mmoja wa Nzega amejifunga taulo, anakohoa, analia, anaomba maji. Mnunuzi wa pamba alipitia dirishani. Mama Shija mwenyewe alikimbilia kwake na akafunga mlango.

Chupa ya jemu tukaikuta kunguni wamo, wanazunguka, wana afya kuliko sisi.

Kuanzia siku hiyo chupa ikawa burudani ya gesti. Wachimbaji wakirudi mjini wanauliza kwanza, "Msomi, mahabusu wako wanaendeleaje?"

Wa pili alikuwa mganga, Mzee Luhende, aliyeletwa na mchimbaji mmoja kwa nia njema. Alikagua nyumba, akanusa, akasema hawa kunguni hawakuja, wametumwa. Shangazi akashika kifua.

"Umejuaje?" nikauliza.

"Wanauma watu wote sawasawa," akasema. "Mdudu wa kawaida anachagua."

Nikakubali kwamba hilo ni jibu. Si zuri, lakini ni jibu, na maprofesa wangu wengine hawakuwa wananipa hata hilo.

Mzee Luhende alifukiza kwa kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, mizizi fulani, na nywele za nguruwe pori. Moshi wake ulikuwa wa upole, wa kijivu, unanukia kama zizi la babu. Nilitaka kuweka chupa yangu. Akakataa. Akasema mdudu aliyefungwa hasikii dawa.

Nikamuuliza, na mgonjwa aliyelazwa wodini, naye hasikii? Shangazi akanikanyaga mguu.

Akaondoka na jogoo. Tukabaki na harufu ya zizi, na wateja wawili wakaondoka kwa sababu ya hiyo harufu. Kunguni hawakuondoka.

Moshi wa tatu niliutaka mwenyewe. Chuoni nilikuwa nimesoma kemia kiasi cha kujua kwamba salfa ikiungua inatoa hewa kali inayokaba kila chenye pumzi. Wazee waliita kiberiti upele, ule unga wa njano ambao watu wanapaka kwa ukurutu. Ukipita karibu yake ikiungua, unaelewa wahubiri wanapata wapi habari za jehanamu.

Mjini aliyekuwa nayo alikuwa Mzee Hirji, Mhindi mwenye duka lililobaki na rafu nyingi kuliko bidhaa. Rafu nzima ilikuwa na viatu vya mguu mmoja. Aliniangalia juu ya miwani.

"Wewe naumwa upele nyumba nzima?"

Nikamweleza. Akacheka, akaingia stoo, akatoka na mfuko. Akanieleza na yeye kwamba baba yake alikuwa akifukiza hivyo ghala la ngozi, na kwamba lazima nizibe kila tundu, la sivyo nitakuwa nafukiza barabara.

Tukahamisha wageni wote kwa siku moja. Mimi na shangazi tukachemsha uji wa unga wa muhogo, tukabandika magazeti kwenye kila ufa, kila dirisha, na ile nafasi ya juu ya kuta tukaijaza magunia yaliyoloweshwa. Vitanda tukavisimamisha, magodoro ya pamba tukayaegemeza ili hewa ipite. Kila chumba cha wageni karai lenye mchanga, juu yake kopo la salfa, makaa. Unawasha unatoka mbio na kitambaa kilicholowa puani. Msijaribu na watoto ndani ya nyumba, wala kuku. Nasema wala kuku kwa sababu kulikuwa na kuku.

Jioni tukafungua. Chupa ya jemu ilikuwa kimya. Wote miguu juu.

Kwenye magodoro walikuwa wamekufa kama mbegu za ufuta. Tukawafagia kwa ufagio. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini, na tangu msiba nilikuwa sijamwona akicheka hivyo.

Furaha ilidumu kidogo tu. Wakarudi.

Hapo Mama Shija alipita kuuliza kwa upole kama chuo kikuu kinarudisha ada.

Mimi nikakaa kutafakari. Walikufa, niliwaona. Basi hawa wanatoka wapi? Kama ni wageni wanawaleta, wangetokea popote. Lakini walianza chumba namba tatu na namba tano. Namba moja na mbili, ambako ndiko wachimbaji walikuwa wanalala, palikuwa safi bado.

Katikati ya tatu na tano kuna nne.

Namba nne hatukuifukiza. Nikaenda kuangalia mlango wake mchana kweupe. Kuzunguka fremu kulikuwa na vidoa vyeusi, vile vinyesi vyao, vimejaa kama mtu amepiga pilipili manga ukutani. Wanatoka humo, wanarudi humo, na wametengeneza barabara.

Kwa nini hatukuifukiza? Kwa sababu kilikuwa chumba cha marehemu. Siku zake za mwisho mume wa shangazi alilala humo, ndimo kitanda chake, koti lake la reli, kofia, viatu. Baada ya maziko Masanja alipiga kufuli na kuondoka na ufunguo shingoni. Kwa ukoo wao vitu vya marehemu haviguswi mpaka watu wakae wamalize msiba na kugawana. Na kikao kilikuwa kinaahirishwa. Mara mvua, mara palizi, mara pombe haijaiva.

Nikamwambia shangazi tuvunje kufuli.

"Siwezi."

"Shangazi, wanazaliana kwenye godoro la marehemu. Ukoo unawafugia kunguni."

"Nimesema siwezi. Nikivunja, Masanja atasema nimeiba mali ya ndugu yake. Ndicho anachongoja."

Nikasema mila isiyoruhusu kufungua dirisha ni ya nini. Umejuaje marehemu anataka koti lake lioze? Nikaendelea hivyo mpaka akaondoka akaniacha naongea na sufuria.

Sijui nani alipeleka maneno Mhunze. Nahisi ni Mama Shija, lakini sina ushahidi. Masanja akatokea wiki ya mwisho ya mwezi, na baiskeli na koti la sherehe.

Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba akiangalia kufuli.

"Nasikia humu kuna msomi anavunja milango," akasema.

"Haijavunjwa," shangazi akasema.

"Na haitavunjwa. Nyumba umeijaza wadudu, mama. Uchafu wako usiusukumie kwa marehemu. Ndugu yangu alikuwa msafi."

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na majibu mawili, moja la kisayansi na moja la mtaani. Shangazi akaniwahi. Akapiga goti kidogo, kama mwanamke wa Kisukuma anavyomsalimu shemeji mkubwa, ingawa huyu alikuwa mdogo.

"Shemeji, umesema kweli. Mimi sigusi. Lakini Bwana Afya yuko njiani, na yeye si mtu wa ukoo, atavunja tu. Basi kaa wewe humo. Fungua, lala kwenye kitanda cha ndugu yako, ulinde vitu vyake mpaka huyo mtu apite."

Masanja akashika ufunguo shingoni. Halafu uso ukamchanua.

Mjue kwamba kwao, mtu anayelala kwenye kitanda cha marehemu kabla ya kikao anatangaza kwamba ndiye anayekaa mahali pake. Haandiki, hasemi, analala tu. Shangazi alikuwa amempa gesti kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya wapangaji.

Mimi nilichanganyikiwa. Nikamfuata jikoni, nikamwambia ameuza nyumba ya watoto wake kwa kupiga goti. Alikuwa anapepeta mchele, hata hakuniangalia.

"Umejuaje?" akasema.

Asubuhi Masanja alitoka akakaa juani. Nikamuuliza amelalaje. Akasema vizuri sana, kitanda cha ndugu hakina mfano. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekuwa kubwa kuliko la kulia. Shingoni alikuwa na mistari, uvimbe, mistari, kama ramani ya reli.

Wachimbaji wawili waliokuwa wanapiga mswaki wakaangaliana.

"Mzee," mmoja akamwambia, "huko kwetu shimoni tukiingia tunatoka na vumbi tu. Wewe umeingia shimo gani?"

Masanja akasema ni joto.

Shangazi akamletea chai na viazi, akamhudumia kwa heshima zote. "Shemeji, leo usilale pembeni, lala katikati ya kitanda, ndipo alipokuwa analala mwenyewe."

Fikirieni mahali alipokuwa amejiweka. Akisema kuna kunguni, basi amekiri kwamba wamo chumbani mwa ndugu yake msafi, wala si uchafu wa shangazi. Akihamia chumba kingine, ameacha kitanda, na kila mpangaji ameona ameshindwa. Akikaa, analiwa. Sijawahi kuona mtu aliyefungwa na mila yake mwenyewe vizuri namna hiyo, na mimi nilikuwa nimemaliza siku kadhaa natukana mila hiyo hiyo.

Alijaribu tena. Nampa haki yake, alijaribu. Asubuhi iliyofuata alitoka bila koti la sherehe, jicho moja limefumba, akapita wapangaji wote bila salamu mpaka jikoni. Akavua ufunguo shingoni, ambako kamba yake ilikuwa imezama kwenye uvimbe, akauweka juu ya meza.

"Mama Kulwa," akasema taratibu, "fukiza."

"Na vitu vya marehemu, shemeji?"

"Nimesema fukiza."

"Nataka useme uani, wasikie."

Akaenda akasema uani. Wachimbaji wakampigia makofi, naye kwa mazoea akawainulia mkono.

Tulipofungua namba nne, sitawaelezea godoro. Kuna watu wanasoma wanakula. Tulilichoma nyuma ya nyumba, na Masanja mwenyewe ndiye aliyelibeba kwa uma wa majani, amegeuza uso.

Kitu kimoja sikukitarajia. Koti la reli lilikuwa limening'inia kwenye msumari. Nikalichukua nilitupie motoni pamoja na godoro. Shangazi akanishika mkono. Akalikumbatia, akaingiza pua kwenye kola, akasimama hivyo. Kunguni walikuwa wanatembea kwenye mshono wa bega, nikawaona. Yeye pia aliwaona.

"Bado linanuka yeye," akasema.

Hapo nikaelewa kwamba si kufuli la Masanja peke yake lililokuwa linamzuia. Salfa ikishapita, lile koti lingenuka kama sanduku la viberiti, basi. Swali langu la kila siku lilikuwa mdomoni. Nikalimeza.

Alilitundika mwenyewe juu ya karai, akapapasa mikono yote miwili ya koti, akatoka, akaniambia niwashe.

Tukafukiza nyumba nzima upya, mlango kwa mlango, na mimi safari hii nilikagua hadi chini ya kiti cha choo.

Bwana Afya alikuja kama alivyoahidi. Akafunua kila godoro. Akaingia namba nne, akakuta kitanda kitupu, koti ukutani, harufu ya kuwasha pua. Akapiga chafya, akatoa leso.

"Hapa mmeua nini?"

"Kila kitu," shangazi akasema.

Kufuli lake akaondoka nalo.

Kikao cha ukoo kilikaa baada ya mavuno. Mzee mmoja akauliza nani atasimamia gesti ya marehemu. Akamgeukia Masanja, akamkumbusha kwamba yeye ndiye aliyelala kitandani, na watu wote wamesikia. Masanja akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ya chini kabisa, kwamba amelala humo ameona, na anashauri ukoo umwachie Mama Kulwa, maana kazi ya gesti ni ngumu. Yeye achukue baiskeli ya marehemu inatosha.

Shangazi alipiga goti akamshukuru shemeji. Mapacha wakamaliza shule.

Nilichojifunza ni kifupi. Salfa inaua, ila ukiacha chumba kimoja umefanya kazi bure, na chumba unachokiacha mara nyingi kina sababu ambayo haihusiani na kemia. Mimi nilidhani tatizo ni watu wasiouliza. Shangazi alikuwa ameshauliza yote, alikuwa anangoja tu mtu mwingine aumwe badala yake.

Waliolala gesti za Shinyanga, Kahama na Geita miaka ile, karibuni mshushe yenu. Jina la gesti lifiche. Ukoo wa Masanja ni mkubwa na nahisi wengine ndio mnanipinga humu kila siku.